Askari Kanzu wa Kabete: Maisha ya Dakta Louis Leakey

Mwaka huu chama chetu cha Kiswahili kilituagiza sisi wa kidato cha tatu tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, tena awe mtu ambaye nyayo zake zinaonekana hapa kwetu Nakuru. Wenzangu wengi walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nikamchagua Dakta Louis Leakey, yule mchimba mifupa. Nilidhani itakuwa kazi rahisi: mawe, mifupa, fuvu la Olduvai, nimalize nikalale. Kumbe nilikuwa nimejitia kitanzi. Nilipolitaja jina hilo kwenye mkutano wetu wa Ijumaa, dada mmoja wa kidato cha nne alisimama akaniuliza kama ninajua kwamba huyo ndiye aliyekaa kortini Kapenguria akiwatafsiria wakoloni katika kesi ya Mzee Kenyatta. Akamalizia kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako. Basi mjadala ukawaka, kura zikapigwa, na makala haya yakaponea chupuchupu kwa kura tatu.

Kusema kweli sikujua. Ndiyo maana nilirudi maktabani, na nilichokuta huko si maisha ya mtu mmoja bali ya watu wanne au watano waliovaa koti moja: mchimbaji, askari kanzu, jasusi, mkalimani na mwalimu wa chuo kikuu.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kanisa la Kianglikana huko Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mhubiri, na alikuwa miongoni mwa wale waliotafsiri Biblia kwa Kikuyu. Mtoto huyu alicheza na watoto wa Kikuyu, akawinda nao, akaota ndoto kwa lugha yao. Alipofika umri wa miaka kumi na mitatu hivi alitahiriwa na kuingizwa katika rika la Mukanda, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa rika lake, alijijengea kibanda chake mwenyewe. Siku moja zawadi ya Krismasi ikamletea kitabu cha hadithi za watu wa kale waliotumia zana za mawe, na kijana akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama chupa, akavijaza kibandani. Watu wazima walimcheka. Mtunzaji wa jumba la makumbusho la Nairobi peke yake ndiye aliyemwambia kwamba baadhi ya vile vipande vilikuwa zana kweli.

Huko Uingereza alipelekwa shule, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922. Hapa pana kisa ambacho nimewasimulia wenzangu hata wakanichoka. Chuo kilitaka kila mwanafunzi wa lugha za kisasa afanye lugha mbili. Moja Leakey alichagua Kifaransa, na ya pili akasema ni Kikuyu! Wazungu wakatafuta katika sheria zao namna ya kumkatalia wasiione. Ili kuthibitisha kwamba anaijua, alitoa cheti kilichotiwa alama ya kidole gumba na chifu wa Kikuyu. Sisi hapa tunalia na ngeli, na mwenzetu alipita Cambridge kwa lugha ya nyumbani.

Mwaka 1923 aligongwa kichwa katika mchezo wa raga, akapata maumivu makali ya kichwa, na madaktari wakamtaka apumzike masomo. Mapumziko yake yalikuwa kwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1924, kuchimba mifupa ya dinosaria. Hapo ndipo alipojifunza namna ya kutoa mfupa ardhini bila kuuvunja.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1926 Leakey alirudi Kenya na safari yake ya kwanza ya akiolojia, na mahali alipopiga kambi si pengine bali ni hapa Nakuru na Elmenteita. Alichimba makaburi ya kale hapa Nakuru, kisha pango lililokuwa katika shamba la mlowezi mmoja aliyeitwa Gamble kule Elmenteita. Ndani ya Pango la Gamble alikuta tabaka juu ya tabaka za majivu, visu vya mawe meusi kwa maelfu na mifupa ya watu. Mwaka 1928 akaijua Kariandusi, ile iliyo karibu na barabara ya kwenda Gilgil, jirani na machimbo ya udongo mweupe. Wale wanaopita hapo kwa matatu kila siku bila kushuka, nawaambia shukeni siku moja. Utaona mashoka ya mawe yamelala pale yalipoachwa karibu miaka milioni moja iliyopita, mengine makubwa kuliko kiganja cha mwalimu wetu wa mazoezi.

Leakey pia aliona alama za maji juu ya kuta za bonde, akatambua kwamba maziwa ya Nakuru na Elmenteita yaliwahi kuwa ziwa moja kubwa lenye kina kirefu. Vipindi vya mvua nyingi akavipa majina ya huku kwetu, kimoja jina la Gamble, kingine la mto Makalia, na kingine jina la Nakuru yenyewe. Wataalamu waliokuja baadaye wameitupa hesabu yake hiyo ya vipindi, lakini ziwa kubwa lilikuwapo kweli. Ziwa letu lilipoanza kupanda miaka ya 2010 na kumeza lango kuu la mbuga, wazee wengi walishangaa. Yeye nadhani asingeshangaa sana.

Alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mwepesi wa kutangaza kabla ya kuhakikisha. Alidai kwamba mifupa ya Kanam na Kanjera, kando ya Ziwa Victoria, ilikuwa ya binadamu wa zamani mno, na mtaalamu wa miamba aitwaye Boswell alipokuja mwaka 1935 kupaona, Leakey hakuweza kumwonyesha barabara mahali mifupa ilipotoka. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature na jina la Leakey likaingia doa. Wakati uo huo ndoa yake na Frida, mama wa watoto wake wawili wa kwanza, ilikuwa imevunjika, na Desemba 1936 alimwoa Mary Nicol. Mambo hayo mawili pamoja yalimfungia mlango wa kazi ya kudumu Cambridge. Akarudi Kenya mkono mtupu, na pengine bila mkosi huo tusingekuwa na hadithi hii.

Mwaka 1937 alipewa fedha za kuandika mila za Wakikuyu. Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu akamsaidia kuwakusanya wazee, nao wakakaa naye siku baada ya siku, wakamweleza kila kitu: ardhi inavyorithiwa, mahari, mashauri, na viapo. Walimweleza kwa sababu alikuwa mwenzao wa rika la Mukanda. Nawaombeni msomaji na mwanachama mwenzangu mkishike hiki, kwa maana tutakirudia. Kitabu kilikuwa kirefu mno hata wachapishaji wakakiogopa, na kilichapishwa mwaka 1977 kwa juzuu tatu, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.

Wakati yeye anaandika, mkewe Mary alikuwa hapa Nakuru akichimba Hyrax Hill, kilima cha pimbi, mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1938 walichimba pamoja pango la mto Njoro, ambako watu wa karibu miaka elfu tatu iliyopita waliwachoma wafu wao na kuwazika na bakuli za mawe na shanga. Kwa hivyo wale wanaosema Nakuru ilianza na reli na walowezi, wana habari?

Kisha vita vikaja. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilimwingiza Leakey katika idara ya ujasusi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka silaha kwa wapiganaji wa Ethiopia waliokuwa wakipambana na Waitalia. Alijenga mtandao wa watu wa siri, na wengi wao walikuwa rafiki zake wa utotoni. Aliandika habari za kutangazwa redioni. Alihoji washukiwa. Si kila siku mambo yalikwenda vizuri. Inasimuliwa kwamba kule Sagana yeye na walowezi fulani walinyemeleana gizani kwenye daraja la reli, kila upande ukidhani wa pili ndio maadui waliokuja kulilipua. Hebu fikiria!

Polisi nao wakamtumia. Alifuatilia kesi za kawaida kama askari kanzu yeyote, na zaidi ya yote alikuwa bingwa wa mwandiko. Ukileta barua ya vitisho au hundi ya kughushi, Leakey aliikagua herufi kwa herufi, akasema aliyeandika hii ndiye aliyeandika ile. Baada ya vita kwisha aliendelea na kazi hiyo ya mwandiko kwa miaka kadhaa, huku akiwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Coryndon mjini Nairobi. Nilipofika hapa ndipo nikaanza kumwelewa. Kachero na mchimbaji ni ndugu. Wote wawili huja mahali ambapo jambo limekwisha tokea, wenyewe hawapo, kimebaki kipande cha jiwe au mkwaruzo wa kalamu, nao wanatakiwa kusema nani alipita. Hata vitani hakuacha: ilikuwa Pasaka ya mwaka 1942 yeye na Mary walipokuta mashoka ya mawe ya Olorgesailie, na waliosaidia kupachimba walikuwa mateka wa Kiitalia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inaona taabu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza hali ya hatari. Mzee Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Kesi ya wale sita, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng' Oneko, ilisikizwa Kapenguria, mbali kabisa na watu wao. Mkalimani wa korti akawa Leakey, mtu aliyekuwa ametoa kitabu cha kuipinga Mau Mau mwaka uo huo. Wakili wa washtakiwa, Pritt, alilalamika kwamba mkalimani ana upande wake na kwamba maneno hayatafsiriwi sawasawa. Mabishano yakawa makali hata Leakey akajiondoa, baadaye akarudi kutafsiri hati tu. Aprili 1953 hakimu Thacker aliwafunga miaka saba na kazi ngumu. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba alitoa ushahidi wa uongo.

Kapenguria haikuwa mwisho. Leakey aliishauri serikali kuhusu kiapo. Alishikilia kwamba, kwa mila, aliyekula kiapo hawezi kuondolewa mzigo wake mpaka akiri hadharani na kutakaswa. Katika kambi za kizuizini kukiri kukawa ndio ufunguo: usipokiri hutoki. Yale waliyomweleza wazee mwaka 1937, wamekaa kivulini na rika mwenzao, yalikuwa yamefika mezani kwa serikali. Na Koinange aliyewakusanya wazee hao? Alishtakiwa kuhusu mauaji ya Chifu Waruhiu, mahakama ikamwachilia, lakini serikali ikamweka kizuizini, mzee mkongwe, hadi karibu na kifo chake mwaka 1960.

Haki itendeke kwa pande zote. Katika vitabu vyake vya mwaka 1952 na 1954 Leakey aliandika pia kwamba malalamiko ya Wakikuyu kuhusu ardhi na mishahara yalikuwa ya kweli na lazima yashughulikiwe. Naye alilipia. Alitembea na bastola, akalindwa usiku na mchana. Oktoba 1954 binamu yake, Gray Leakey, ambaye naye alisema Kikuyu kama mwenyeji na ambaye mwanawe alikufa vitani mwaka 1941 akapewa nishani ya Victoria Cross, alichukuliwa na wapiganaji akazikwa hai katika Mlima Kenya. Mkewe pia aliuawa. Nilisoma ukurasa huo mara mbili nikafunga kitabu.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa cucu Bahati, nikamweleza ninamwandika nani. Cucu alikuwa mtoto mdogo wakati wa hali ya hatari. Familia yao ilikuwa ya maskwota katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Walipakiwa kwenye lori kama maelfu ya wengine wa Bonde la Ufa, wakarudishwa Kiambu mahali ambapo hawakuwa na hata kipande cha shamba. Baba yake alipelekwa kambini. Hakukiri kwa miaka minne. Aliporudi hakuwa mtu wa maneno mengi. Cucu alinisikiliza, akaendelea kuchambua maharagwe, mwisho akauliza huyo mzungu alijifunzia wapi mambo ya kiapo. Nikamwambia kutoka kwa wazee. Akauliza ni wazee gani. Sikuwa na jibu. Akaniambia basi niandike, lakini niandike yote.

Ndiyo hivyo nimeandika. Yaliyobaki ni mambo mnayoyajua darasani, kwa hivyo nitapita haraka. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini Olduvai, Mary alitoka na mbwa wake akaona meno yakichungulia ardhini. Lilikuwa fuvu la miaka milioni moja na robo tatu, wakaliita Zinjanthropus, na jina la Leakey likaenea duniani. Mwaka 1964, yeye na wenzake wawili walitangaza binadamu wa kale waliyemwita Homo habilis. Alimtuma msichana asiye na digrii, Jane Goodall, kwenda Gombe mwaka 1960 kuwatazama sokwe. Mwaka 1967 Dian Fossey akaenda kwa masokwe wa milima ya Rwanda na Zaire ya zamani, na mwaka 1971 Biruté Galdikas akaenda Borneo. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, tarehe ile ile aliyofariki mwalimu wake.

Cambridge iliyomfungia mlango haikumwona tena kama mwalimu wa kudumu, lakini vyuo vya Marekani vilimpokea kwa mikono miwili. Chuo Kikuu cha Cornell na vile vya California vilimwita kufundisha na kuhutubu. Mzee mnene, mvi kichwani, nguo hazina pasi, anaingia ukumbini na vijana wanajaa hadi ngazini. Ada aliyolipwa aliirudisha kwenye uchimbaji na kwa wale wasichana wa sokwe. Miguu ilimuuma, moyo ulimsumbua, hakukubali kupumzika.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wengi walitazamia kwamba Leakey angefungasha. Hakufungasha, wala Kenyatta hakumfukuza. Mfungwa wa Kapenguria akawa Rais, na mkalimani wa Kapenguria akaendelea kuchimba mifupa katika nchi ile ile. Watoto wake nao walibaki: Richard akaongoza makumbusho ya taifa na baadaye idara ya wanyamapori, akafariki Januari 2022, naye Philip akawa mbunge wa Langata tangu 1979. Louis Leakey mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1972. Mwili ukaletwa nyumbani ukazikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Kabla shule haijafunguliwa nilimwomba cucu tuende Hyrax Hill, kwa sababu ni karibu na mjini na yeye hajawahi kufika. Alipanda kile kilima polepole akishika bega langu. Bakuli za mawe hazikumshtua. Alisema aliwahi kuona kama hizo zikilimwa shambani. Alisoma, au tuseme nilimsomea, jina la Mary Leakey ukutani, akanyamaza. Tulipofika penye ule mwamba uliotobolewa mashimo ya bao na watu wa kale, uso wake ukabadilika. Akasema hii ni giuthi, akaketi palepale kwenye jiwe bila kujali askari wa makumbusho anatutazama. Mashimo yale yaliyolindwa hatukuyagusa. Alichimba mengine mchangani kwa kidole, akaokota kokoto, akanionyesha alivyofundishwa na baba yake kabla ya lori.

Alinifunga mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nikimkaribia, lakini mawingu ya Menengai yakashuka na tukakimbilia matatu.